Rais alipotaka kupita mlango wa Wanjiku: uchambuzi wa kisa cha BBI

Kesi ya BBI (Building Bridges Initiative, ule mpango wa kubadilisha katiba uliotokana na maridhiano ya Uhuru Kenyatta na Raila Odinga) iliongelewa sana Kenya lakini bado naona watu wengi walipita mbio kile kitu ambacho kwangu ndicho kiini chake. Tuliongea waziri mkuu, tukaongea maeneo bunge 70, tukaongea pesa za kaunti, tukabishana nani amemshinda nani kati ya Uhuru, rais wa wakati huo, na naibu wake William Ruto, na wakati huo wote swali lenyewe lilikuwa limekaa tu hapo pembeni. Ukifuata kesi kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Upeo utaona mengi yaliyoamuliwa huku chini yalipinduliwa kule juu, lakini hili moja lilisimama mahakama zote 3: katiba imeweka milango miwili ya kuibadilisha, mmoja wa Bunge na mwingine wa mwananchi, sasa rais aliye madarakani anaweza kupita huu wa mwananchi?

Wacha nieleze kisa chenyewe polepole, manake jibu halieleweki kama hujui vile mswada ulizaliwa.

Tarehe 9 Machi 2018 Rais Uhuru Kenyatta na kiongozi wa upinzani Raila Odinga walitokea kwenye ngazi za Harambee House, ofisi ya rais, wakapeana mikono. Nchi ilikuwa imechoka. Mahakama ya Upeo ilikuwa imefuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, marudio ya Oktoba Raila akayasusia, halafu 30 Januari 2018 akaapishwa Uhuru Park kama rais wa wananchi. Handisheki ilileta utulivu na mimi siwezi kudharau hiyo, watu walipumua. Mei mwaka huo huo rais akachapisha notisi kwenye Gazeti la Serikali akiunda jopo la watu 14 lililoongozwa na marehemu Yusuf Haji aliyekuwa seneta wa Garissa, wazunguke nchi wasikilize watu. Ripoti yao ikatoka Novemba 2019. Januari 2020 ikachapishwa notisi ya pili, sasa jopo limekuwa kamati ya kuongoza mchakato, na kati ya kazi walizopewa ni kupendekeza mabadiliko ya utawala, ya sera, ya sheria au ya katiba. Hilo neno la mwisho likumbuke, tutalirudia. Oktoba 2020 ripoti ya pili, na 25 Novemba ukusanyaji wa sahihi ukazinduliwa KICC, ukumbi wa mikutano jijini Nairobi.

Ndani ya mswada kulikuwa na waziri mkuu na manaibu wake wawili, kiongozi rasmi wa upinzani, mawaziri kutoka Bungeni, mgao wa kaunti kupanda kutoka angalau asilimia 15 hadi angalau asilimia 35, hazina ya wadi, mpokeaji malalamiko dhidi ya mahakama ambaye angeteuliwa na rais, na maeneo bunge kuongezeka kutoka 290 hadi 360. Kuna mazuri hapo, hasa hiyo ya kaunti, na kuna mengine yaliyonitia wasiwasi, lakini uzuri wa mswada sio ulioamua kesi na hata mimi sitauzungumzia sana.

Sasa hiyo milango. Kifungu cha 255 kinataja mambo 10 ambayo hayaguswi bila kura ya maoni: ukuu wa katiba, mipaka ya nchi, mamlaka ya wananchi, maadili ya kitaifa, haki za kimsingi, muhula wa rais, uhuru wa mahakama na tume huru, kazi za Bunge, ugatuzi, na hiyo sura yenyewe ya kubadilisha katiba. Ukitaka kubadilisha chochote unapitia kifungu cha 256 au cha 257. 256 ni mlango wa Bunge, mswada unaletwa Bungeni, kati ya kusomwa mara ya kwanza na ya pili zipite siku 90, halafu unahitaji theluthi mbili ya wabunge wote na theluthi mbili ya maseneta wote, mara ya pili na tena mara ya tatu. 257 ni mlango wa mwananchi, unakusanya sahihi za wapiga kura waliosajiliwa wasiopungua milioni 1, tume ya uchaguzi (IEBC) inazikagua, mswada unaenda kwa mabunge ya kaunti yote 47, yakipitisha angalau 24 unaingia Bungeni, na huko Bungeni unahitaji wingi wa kawaida tu. Na hata Bunge likiukataa haufi, unaenda kwa kura ya maoni.

Soma hapo tena pole pole. Mlango wa mwananchi una kizingiti cha chini Bungeni kwa sababu ile milioni 1 na zile kaunti 24 ndizo zinazobeba uzito. Ni kama katiba inasema, wewe usiye na mbunge wa kukusikiliza, ukiweza kubeba jina kwa jina mpaka ufikishe milioni, Bunge halitakuzuia kufika kwa wananchi. Sasa hebu fikiria mtu mwenye serikali yote mkononi mwake, ana makamishna wa kaunti, ana machifu, ana bajeti, ana wabunge wa chama chake na wa upinzani pia kwa sababu ya handisheki, anaingia kwa huo mlango. Anapata nguvu ya dola na pia anapata ule unafuu uliowekewa mnyonge, vyote kwa wakati mmoja.

Kura zenyewe zinaonyesha hii kitu. Tarehe 6 Mei 2021 Bunge la Kitaifa lilipiga kura mswada ukisomwa mara ya pili, 235 wakaunga mkono na 83 wakapinga. Theluthi mbili ya wabunge 349 ni 233. Yaani kama wangepita mlango wa Bunge wangeponea kwa kura 2, na wangehitaji kuponea tena hivyo hivyo kwenye kusomwa mara ya tatu, ambapo wabunge wachache tu wakikosa kuja basi imeisha. Kwa mlango wa mwananchi hiyo presha haikuwepo kabisa.

Kwa nini katiba iliwekewa hizi kufuli? Jibu liko kwa ile ya zamani. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikatwakatwa mpaka haikutambulika, na kila mara ilikuwa kwa faida ya aliyekuwa Ikulu. 1966 Oginga Odinga na wenzake walipohama chama tawala cha KANU kwenda chama kipya cha upinzani cha KPU, sheria ikabadilishwa haraka haraka ili mbunge akihama chama arudi kwa wapiga kura, na seneti nayo ikavunjwa muda mfupi baadaye. 1982 kikawekwa kifungu 2A, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria, mpaka 1991. 1988 majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi yao, rais angeweza kumfuta jaji bila shida. Hayo yote yalipita Bungeni kihalali, kwa kura, kwa utaratibu, hakuna mwanajeshi aliyeshika bunduki. Ndiyo maana watu walipokaa kuandika katiba mpya na kuipitisha 4 Agosti 2010 kwa kura zaidi ya milioni 6, hawakutosheka kuandika haki na kugawa mamlaka. Waliogopa kalamu ya kurekebisha kuliko kitu kingine chochote, na wakamwekea Wanjiku mlango wake. (Kwa msomaji asiye Mkenya, Wanjiku ndiye mwananchi wa kawaida, jina lilikuja wakati wa Rais Moi alipouliza Wanjiku anajua nini kuhusu katiba, na likageuka kuwa jina la heshima.)

Na mlango huo ulikuwa umejaribiwa. Muungano wa upinzani wa CORD ulileta mswada wa Okoa Kenya, wakapeleka sahihi zaidi ya milioni moja na nusu na 2016 IEBC ikakubali 891,598 tu, ikaishia hapo. 2019 Punguza Mizigo, mswada wa mwanasiasa Ekuru Aukot, ilivuka kizingiti cha milioni lakini kaunti zikaikataa karibu zote. Hivyo ndivyo huo mlango ulivyo mgumu kwa mtu asiye na serikali. BBI ilipokuja, waanzilishi wakasema wamekusanya zaidi ya milioni 4, IEBC ikapitisha milioni 1.14 na kaunti zaidi ya 40 zikasema ndiyo ndani ya wiki chache za Februari 2021. Baringo ndiyo iliyotangulia kukataa. Mwezi huo huo MCA, yaani wajumbe wa mabunge ya kaunti, walikuwa wamekubaliwa ruzuku ya magari ya shilingi milioni 2 kila mmoja, jambo walilokuwa wanalidai kwa muda, na kila mtu atajipimia mwenyewe kama ilisaidia.

Hapo kwa sahihi ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ambapo mwananchi anaonekana kwa mkono wake. Karatasi ina jina, nambari ya kitambulisho, kaunti, sahihi. IEBC yenyewe ilisema haina hifadhi ya sahihi za wapiga kura ya kulinganisha nayo, kwa hivyo ilichokagua ni kama jina na kitambulisho vipo kwenye sajili. Ikaweka orodha mtandaoni watu wajitafute, na kuna waliojikuta na wakasema hawajawahi kutia sahihi popote. Ukiniuliza, huu ni udhaifu ambao hakuna mahakama iliyoutibu. Mlango mzima umejengwa juu ya mtu kukubali kwa hiari yake, halafu kitu kinachothibitisha hiyo hiari ni karatasi ambayo hakuna anayeweza kuilinganisha na chochote.

Twende mahakamani. Kesi zilikuwa nane zikaunganishwa, moja ikiwa ya mwanauchumi David Ndii na wenzake, na majaji 5 wakakaa: Joel Ngugi, George Odunga, Jairus Ngaah, Teresia Matheka na Chacha Mwita. Uamuzi ulitoka 13 Mei 2021, siku 2 tu baada ya seneti kupitisha mswada. Ulisomwa mubashara kwa masaa mengi mpaka usiku, na watu waliokaa wakausikiliza wote kwa simu, nikiwemo mimi, nadhani walijifunza katiba jioni hiyo kuliko miaka yote ya shule.

Swali la kwanza lilikuwa nani mwenye mswada. Kwenye karatasi waanzilishi walikuwa Junet Mohamed na Dennis Waweru, wenyeviti wa sekretarieti ya BBI, na upande wa serikali ulishikilia hapo: hawa wawili ni wananchi, wameanzisha, rais ameunga mkono tu. Majaji hawakuishia kwa jina lililoandikwa juu ya karatasi. Walirudi nyuma mpaka kwa ile notisi ya Gazeti la Serikali, nani aliunda jopo, nani aliunda kamati, nani aliipa kazi ya kupendekeza mabadiliko ya katiba, ripoti ilikabidhiwa nani, mswada ulitoka kwa ripoti ya nani. Kila uzi ulirudi Ikulu. Wakasema rais ndiye aliyeanzisha, na rais hana ruhusa ya kuanzisha kwa kifungu cha 257.

Hoja ya upande mwingine ilikuwa nzito na sitaidogosha. Rais naye ni raia, ni mpiga kura, kifungu cha 38 kinampa kila raia haki za kisiasa, hakuna mahali katiba imeandika wazi kwamba rais asianzishe mabadiliko kupitia wananchi, kwa hivyo mahakama inaongeza maneno ambayo hayapo. Nilisumbuka na hii hoja kwa siku kadhaa. Kilichonitoa ni hiki: raia anaruhusiwa kufanya lolote ambalo sheria haijakataza, lakini ofisi ya serikali ni kinyume chake, inafanya tu kile ilichopewa. Uhuru kama mtu anaweza kutia sahihi yake kwenye mswada wa jirani yake. Akitumia notisi ya serikali, kamati ya serikali na pesa za umma, hapo si raia tena, ni ofisi, na ofisi lazima ionyeshe ni kifungu gani kimeipa hiyo kazi. Hakikuonyeshwa.

Majaji 5 hawakusimama hapo. Walisema katiba ina muundo wa msingi ambao hauwezi kubadilishwa hata kwa kifungu cha 255, ila kwa wananchi wenyewe kurudia hatua 4, elimu ya uraia, maoni ya umma, bunge maalum la katiba, kisha kura ya maoni. Fikra hii ina mizizi India, kesi ya Kesavananda Bharati ya 1973, ambapo majaji 13 waligawanyika 7 kwa 6. Wakasema pia rais anaweza kushtakiwa kesi ya madai akiwa bado ofisini, kwamba IEBC iliyokuwa na makamishna 3 haikuwa na akidi, na kwamba kugawa yale maeneo bunge 70 ndani ya mswada ni kunyang'anya IEBC kazi yake. Mahakama ya Rufaa, majaji 7 chini ya Daniel Musinga, ikakubaliana na sehemu kubwa tarehe 20 Agosti 2021.

Mahakama ya Upeo ikatoa neno la mwisho 31 Machi 2022. Jaji Mkuu Martha Koome na wenzake 6 waliondoa ule muundo wa msingi na zile hatua 4, wakasema haviko kwa katiba ya Kenya, mambo 10 ya kifungu cha 255 ndiyo ulinzi ambao wananchi walijichagulia. Wakasema IEBC ilikuwa sawa kufanya kazi. Wakasema rais hawezi kushtakiwa kesi ya madai akiwa madarakani kwa mambo aliyoyafanya kwa mamlaka ya katiba. Yale maeneo bunge 70 wakayaangusha kwa sababu yalichomekwa mswada ukiwa umefika mbali, wananchi hawakuwahi kuyatolea maoni. Na kwa wingi wa majaji wakathibitisha kwamba mswada ulianzishwa na rais na kwamba rais hawezi kuanzisha kupitia kifungu cha 257. BBI ikaisha hapo bila mwananchi kupiga hata kura moja.

Mei 2021 nilishangilia huo muundo wa msingi. Leo naona Mahakama ya Upeo ilikuwa sahihi kuuondoa, na najua wengi mtanipinga. Kizuizi ambacho wananchi wameandika kila mtu anaweza kukisoma, akakitumia, akamshtaki nacho mkubwa yeyote. Kizuizi ambacho majaji wanakitoa kichwani, leo kinamzuia rais unayemwogopa na kesho kinakuzuia wewe na milioni yako ya sahihi. Kuhusu kinga ya rais bado moyo wangu haujatulia, lakini kifungu cha 143 kimesema hivyo bila kuficha, na kimesema pia muda wa kushtaki hauhesabiwi akiwa ofisini, kwa hivyo deni linabaki.

Kuna kipande kingine cha hiki kisa ambacho hakimo kwenye hukumu. Tangu 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilikuwa imependekeza majaji 41, mmoja akafariki akingoja, na rais hakuwa amewateua. Juni 2021, wiki 3 baada ya ule uamuzi wa Mahakama Kuu, akateua 34 akaacha 6, na kati ya walioachwa walikuwepo Odunga na Joel Ngugi ambao walikuwa wanapandishwa kwenda Mahakama ya Rufaa. Katiba inasema rais anateua kulingana na mapendekezo ya tume, haijampa nafasi ya kuchagua anayempenda. Hao majaji walikaa wakingoja, wakiendelea kusikiliza kesi kwenye viti vyao vya zamani. Septemba 2022 rais mpya, William Ruto, aliwateua siku aliyoapishwa, na kesho yake wakala kiapo. Kwa hivyo amri ya katiba ilitiiwa mwishowe, lakini ilibidi mtu atoke Ikulu aingie mwingine, na hiyo inanikera mpaka leo kwa sababu inaonyesha mahali ambapo karatasi inasema wazi kabisa na bado mtu mmoja anaweza kuikalia kwa miaka 3.

Mapendekezo yenyewe hayakufa. Novemba 2023 kamati nyingine ya mazungumzo, hii ikiongozwa na Kalonzo Musyoka na Kimani Ichung'wah, ilitoa ripoti yake na ndani mkawa tena na ofisi ya waziri mkuu na ya kiongozi rasmi wa upinzani. Ripoti ikapelekwa Bungeni. Safari hii hakuna aliyezunguka kaunti na karatasi za sahihi.